Vidonge Vitamu vya Shibeni

Katika nchi ya Shibeni hapakuwa na njaa. Neno lenyewe liliondolewa kwenye nyaraka za serikali mwaka ule Wizara ya Lishe ilipounganishwa na Wizara ya Sherehe, na tangu siku hiyo mtu asiye na chochote jikoni aliitwa "mwananchi aliye katikati ya milo". Wapo waliokaa katikati ya milo siku mbili, tatu, na viongozi hawakuacha kuwapongeza kwa ustahimilivu wao.

Kwa hiyo wageni fulani walipokuja na mizani na kamba za kupimia, wakazunguka vijijini, wakaandika kwamba watoto sita katika kila kumi wa Shibeni wamedumaa, serikali iliumia sana. Iliumia kwa wiki mbili. Wiki ya tatu Waziri wa Lishe na Sherehe, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Makarara Fumbwe, alisikika redioni kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Wananchi," alisema, "tumefanya utafiti wa kina. Watoto wetu hawana upungufu wa chakula. Wana upungufu wa vitamini. Na vitamini, ndugu zangu, haipikwi. Inatafunwa!"

Ndivyo vilivyokuja vidonge.

Vilikuwa vidonge vizuri, hakuna anayekataa. Rangi ya chungwa, vitamu kama peremende, na ndani yake, kwa mujibu wa maandishi ya kwenye kopo, mlikuwa na vitamini kumi na moja, madini ya chuma, zinki na uzalendo. Kila kidonge kilikuwa na umbo la kichwa cha Mlezi Mkuu wa Taifa, kofia ikiwemo. Hapo likazuka tatizo, maana sheria ya Shibeni inakataza kumdhuru Mlezi Mkuu kwa namna yoyote, mahali popote, kwa kifaa chochote, na mwanasheria wa serikali alikuwa na hakika kwamba meno ni kifaa. Baraza la Mawaziri likakaa siku nne. Mwisho ukatoka Waraka Namba Saba: kidonge cha kutafuna kitatafunwa kwa heshima, kuanzia shingoni kwenda juu, mtoto akiwa amesimama wima, wala asicheke.

Na kwa kuwa kidonge kimoja, kwa makadirio ya Wizara, kilikuwa sawa na sinia la ugali, samaki na mchicha, uji wa shuleni ukafutwa. Sufuria zikakusanywa, zisije zikawakumbusha watoto mambo yaliyopita.

Huko kijijini Mlowoka waraka ulipokelewa na nesi Pulkeria Ndomba.

Pulkeria alikuwa muuguzi pekee wa zahanati ile, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mpana wa mabega, mwenye mazoea ya kusema na mizani kana kwamba inamsikia. "Acha uongo wewe," angeiambia mshale wake ukisimama chini sana, kisha anamshusha mtoto, anampandisha tena, na mizani haibadili kauli. Vitamini alizijua. Hakuwa mtu wa kuzibeza. Mtoto anayekula, ukimwongezea kidonge chake kimoja kwa siku, utamwona anavyochangamka. Kilichomkwaza ni hilo neno "ukimwongezea".

Siku makopo yaliposhushwa alimfuata Afisa Lishe wa Wilaya, Bwana Lugendo Pazi, aliyekuwa anahesabu maboksi mlangoni.

"Afisa, hivi wanatafuna baada ya kula nini?"

"Baada ya kula hivi."

"Hivi ni nyongeza, Afisa. Nyongeza lazima iwe na kitu cha kuongezea."

Bwana Pazi alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, viatu havina vumbi hata Mlowoka. Moyo wake haukuwa mbaya. Ulikuwa na shughuli nyingi tu. Alitazama nyuma yake kwanza, ndipo akajibu.

"Nesi, mimi nimepewa makopo. Ningepewa maharage, ningeshusha maharage."

Kwenye kila kopo palibandikwa picha ya Waziri akitabasamu. Pulkeria aliibandua moja kwa ukucha, akakuta chini yake maandishi madogo mekundu: kimoja kwa siku, madini ya chuma yakizidi ni sumu, weka mbali na watoto. Akayasoma mara mbili. Kisha akayafungia makopo yote kabatini, akautia ufunguo kifuani.

*

Katika watoto waliopimwa kila mwezi alikuwemo mmoja aitwaye Sikujua, umri miaka sita, uzito kilo kumi na tatu. Mama yake, Zamda Machela, alikuwa mponda kokoto kwenye machimbo ya nyuma ya kijiji, na mumewe alikwenda kutafuta kazi mjini akapotelea huko huko. Sikujua alikuwa na nywele zilizopauka rangi ya kutu na maneno mengi kuliko mwili wake. Aliipenda zahanati. Aliipanda mizani bila kulia, akavuta pumzi na kuizuia, akidhani pumzi nayo inapimwa.

"Nesi, leo nimeongezeka?"

"Bado kidogo."

"Lakini nimekunywa maji mengi. Vikombe vinne."

Siku nyingine Pulkeria alikuwa akimkatia kipande cha muhogo wake wa kuchoma. Jumatano moja hakuwa na muhogo. Alikuwa na kopo moja mezani, limefunguliwa, na foleni ya watoto ishirini waliokuwa wanapokea kimoja kimoja, wamesimama wima, hawacheki. Walipokwisha akabaki Sikujua, anayesubiri kupimwa. Hapo nje ikalia honi.

Ulikuwa msafara wa Kampeni ya Kutafuna. Mbele gari la wagonjwa la wilaya limefungwa vipaza sauti juu, katikati gari la Bwana Pazi, nyuma pikipiki zote za Mlowoka zimepachikwa bendera. Waraka ulimtaka kila mtumishi atoke nje kuupokea msafara kwa makofi. Pulkeria akatoka. Alipomaliza kupiga makofi akaambiwa kwamba bango la Mlezi Mkuu ukutani limeinama, na jambo hilo likajadiliwa kwa dakika ishirini: wengine walisema kidevu ndicho kikae sawa na dirisha, wengine wakashikilia kofia.

Aliporudi ndani, kiti cha Sikujua kilikuwa kitupu. Alimkuta chini ya meza, kopo katikati ya magoti, midomo na vidole vyote vya rangi ya chungwa. Mtoto alimwinulia macho yaliyotulia, macho ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Nesi," akasema, "nimeshiba."

"Umekula vingapi?"

"Vyote." Kisha, akihisi kwamba pengine amekosea, akaongeza haraka: "Lakini nilianzia shingoni."

Baada ya ile foleni, koponi vilikuwa vimebaki sitini na vinne. Pulkeria alijua hivyo kwa sababu ndiye aliyevihesabu.

*

Haikupita saa moja Sikujua akaanza kutapika. Kwanza rangi ya chungwa, kisha rangi ya kahawia, kisha nyekundu. Pulkeria alimtundikia dripu, akatuma mtu machimboni kumwita Zamda, akatoka mbio hadi kwenye gari la wagonjwa.

"Afisa, shusha hivyo vipaza sauti. Nina mtoto ana sumu ya chuma mwilini. Dawa ya kuitoa ipo hospitali ya mkoa tu."

Bwana Pazi alibadilika rangi. Lazima isemwe kwa haki kwamba alijaribu. Alimpigia Katibu wa Kampeni hapo hapo, mbele ya Pulkeria, akaweka sauti ya simu juu.

"Mgonjwa anaumwa nini?" aliuliza Katibu.

"Vitamini, mkuu. Amekula nyingi."

"Vitamini inaponya, Pazi. Kitu kinachoponya kikizidi, kinaponya zaidi. Gari lina ratiba mpaka kesho jioni." Simu ikakatika.

"Umesikia mwenyewe," Bwana Pazi akasema, akiitazama simu.

"Nimesikia. Na wewe umesikia?"

Afisa akaitia simu mfukoni, akapanda gari lake. Msafara ukaondoka, pikipiki na bendera zake nyuma. Alibaki askari mmoja kufungua jalada, kwa kuwa mtoto huyu, kwa tafsiri ya sheria, alikuwa ametafuna vichwa sitini na vinne vya Mlezi Mkuu bila usimamizi. Askari aliketi kwenye benchi la wagonjwa akimsubiri mtuhumiwa aache kutapika ili amhoji. Alipoona damu kwenye beseni, akaufunga mkoba wake, akatoka kwenda kukaa chini ya ukuta wa nje. Zamda alipofika, mikono imejaa vumbi jeupe la mawe, alimpita pale bila kumwona.

Alhamisi asubuhi Sikujua aliamka mzima. Kutapika kulikuwa kumekoma. Aliketi kitandani, akaomba maji, akauliza kama wenzake wamekwisha kwenda shule. Zamda alilia kwa furaha, akaushika mkono wa Pulkeria akaubusu. Pulkeria hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa amesoma, na hakuwa amesahau: chuma humwachia mtoto kwa nusu siku, akaonekana amepona, kumbe ndani kinaendelea na kazi yake kwenye ini.

Bwana Pazi alifika na mpiga picha. Alipomwona mtoto ameketi, pumzi ilimtoka kama mtu aliyetua gunia.

"Cheka kidogo, mwanangu," mpiga picha akasema, na Sikujua, aliyekuwa amekatazwa kucheka wiki nzima, akacheka mpaka mapengo yakaonekana.

Kufika saa nne redio ilikuwa imetangaza. Mtoto wa Mlowoka alikuwa amepata virutubisho vya miezi miwili kwa siku moja na alikuwa anacheka! Jalada la polisi likafutwa. Mwanasheria wa serikali akafafanua kwamba meno ya mtoto si kifaa bali ni mlango. Na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, alasiri ile ile, angefika Mlowoka kumpa mkono mtoto mwenye lishe bora kuliko wote katika historia ya Shibeni.

"Afisa," Pulkeria akasema, "nipe gari sasa hivi. Hajapona. Hivi ndivyo inavyokwenda."

"Gari la nini, nesi? Mtoto anacheka!"

Zamda aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Nimwamini nani?" akauliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona aibu kuwasumbua.

"Mguse miguu," Pulkeria akamwambia.

Zamda akaigusa. Ilikuwa ya baridi. Hakuuliza tena, alimfunga mtoto kifuani kwa khanga.

*

Adhuhuri Pulkeria alipata pikipiki moja iliyokuwa imetoroka msafara. Wakapanda watatu nyuma ya dereva: Zamda, Sikujua, na nyuma kabisa Pulkeria, ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja. Walikwenda hivyo kilomita kumi na nane. Sikujua alikuwa ameanza kupumua kwa kasi na kusema maneno yasiyounganika. Alisema habari za maji, vikombe vinne.

Kwenye njia panda wakakuta kizuizi. Barabara ya mkoa ilikuwa imefungwa.

"Rudini," askari akasema. "Waziri anapita."

"Tuna mgonjwa."

"Barabara imefungwa, mama. Waziri anakwenda Mlowoka kumwona yule mtoto wa vidonge."

"Ndiye huyu!" Pulkeria akapiga kelele. "Mtoto mwenyewe ndiye huyu hapa!"

Askari alisogea. Hakuwa katili. Alitoa simu yake, akaitafuta ile picha iliyokuwa imeenea nchi nzima, akaiweka kando ya uso wa Sikujua, akalinganisha kwa makini, kama alivyofundishwa.

"Si huyu," akasema. "Yule anacheka."

Walisubiri pale juani. Zamda alikuwa anamwimbia mwanawe wimbo fulani sikioni, pole pole, na Pulkeria aliendelea kuishikilia dripu juu hata alipoona kwamba haidondoki tena. Alipoishusha, Zamda aliacha kuimba.

Msafara wa Waziri ulipita baadaye kidogo, magari ishirini na moja. Askari alipiga saluti. Kisha akainua kizuizi, akawaambia kwa upole kwamba sasa wanaweza kupita.

*

Fomu ya kifo ya Shibeni ina sababu nne tu, na muuguzi anatakiwa kutia alama kwenye moja: uzee, ajali, mapenzi ya Mungu, au uzembe wa mzazi. Bwana Pazi alikuja mwenyewe na fomu ile. Viatu vyake safari hii vilikuwa na vumbi, na hakuketi.

"Tia alama kwenye mapenzi ya Mungu, nesi. Nakuomba. Wao wanataka uzembe wa mzazi, nimewabembeleza. Usipotia hapo watamkamata mama wa watu."

"Mungu hakuleta makopo hapa, Afisa."

"Najua nani aliyaleta."

Pulkeria akachukua kalamu. Alitia alama kwenye mapenzi ya Mungu, kwa ajili ya Zamda. Kisha pembeni, pasipo na kisanduku, akaandika kwa herufi kubwa: NJAA. ALIKULA DAWA KWA SABABU HAPAKUWA NA CHAKULA. NAMI NILIACHA KOPO WAZI. Akasaini jina lake lote.

Fomu ilirudi kutoka Wizarani baada ya wiki moja. Neno la kwanza lilikuwa limezungushiwa duara na kuandikwa kwamba halieleweki. Sababu ya kifo ilikuwa imesahihishwa kuwa "ziada ya afya". Kuhusu adhabu ya muuguzi, kamati ya nidhamu ilitafuta kituo kibaya cha kumhamishia, ikakosa kibaya kuliko Mlowoka, ikamwacha hapo hapo.

Ila Wizara haikumsahau Sikujua. Kwa kuwa picha yake ilikuwa imekwisha kuchapwa kwenye makopo mapya, ilitangazwa Siku ya Shujaa wa Vitamini, na sherehe ikapangwa kufanyika, mwezi wa tano tangu makopo yaje, kwenye uwanja wa shule ya Mlowoka. Wapishi waliletwa kutoka mjini tangu alfajiri, wakaweka masufuria nyuma ya turubai la wageni. Ilipofika saa tano harufu ya pilau ilikuwa imeufunika uwanja wote. Watoto wa shule, waliopangwa juani kuimba wimbo wa kidonge, walikuwa wanaimba huku vichwa vimegeukia turubai, na mwalimu alipowarudisha mbele, viligeuka tena vyenyewe.

Mheshimiwa Fumbwe alizungumza kwa saa moja na robo. "Sikujua hakufa," alisema. "Sikujua alijaa! Alijaa afya hata dunia hii ikawa haimtoshi!" Wageni wakapiga makofi. Kisha Zamda akaitwa jukwaani kupokea rambirambi ya serikali. Ilikuwa boksi la makopo arobaini na nane ya vidonge.

Bwana Pazi alikuwa amempa karatasi ya shukrani, akamsomea na kumkaririsha. Zamda aliikunja karatasi. Alifungua boksi, akatoa kopo, akalifungua, na mbele ya kamera zote akamnyooshea Waziri.

"Karibu, Mheshimiwa."

Waziri alicheka, akachukua kidonge kimoja, akakitafuna kuanzia shingoni. "Kitamu sana, mama! Asante."

"Kimoja ni sinia zima la ugali na samaki. Ulisema redioni."

"Nilisema. Ndivyo kilivyo."

"Basi umeshiba," Zamda akasema, na kipaza sauti kikayachukua maneno yake mpaka mwisho wa uwanja. Akashuka jukwaani na kopo lake, akapita mstari wa mbele, mgeni kwa mgeni, akimpa kila mmoja kimoja kiganjani. Hakuna aliyethubutu kukataa mbele ya kamera. Alipomaliza akageuka. "Wageni wote wameshiba. Kile chakula cha nyuma ya turubai wapewe watoto, kisije kikaharibika."

Waziri alitazama kulia, akatazama kushoto. Ilikuwa ama aseme hajashiba, na redio inarusha moja kwa moja, ama anyamaze. Akanyamaza. Pulkeria, aliyekuwa amesimama na watumishi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka mstarini. Alikwenda nyuma ya turubai, akamnyang'anya mpishi upawa, akaanza kupakua.

Alijua anachofanya, na alijaribu. "Kidogo kidogo!" alikuwa anapaza sauti. "Tafuneni pole pole! Atakayemaliza asirudi kwanza!" Lakini watoto walikuwa mia mbili na upawa mmoja, na upande wa pili wa sufuria hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Walikula kwa mikono miwili. Walikula nyama na mafuta na ukoko, matumbo yaliyokuwa yamezoea vichwa vitamu kwa miezi mitano, na kabla jua halijageuka wakaanza kujikunja.

Hakufa hata mmoja. Pulkeria alihakikisha. Aliwalaza zahanati, barazani, kwenye nyasi, akawanywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, Zamda akimsaidia upande mmoja na Bwana Pazi, koti amelivua, upande mwingine, anabeba ndoo. Nje ya uzio Mheshimiwa Waziri alikuwa anaongea na waandishi, na uso wake ulikuwa umepata tena ile hali ya mtu aliyelala vizuri.

"Mmejionea wenyewe," alikuwa anasema. "Miezi mitano kidonge, matumbo salama. Siku moja chakula, watoto mia mbili wagonjwa. Sayansi imesema. Kuanzia leo ni marufuku kumpa mtoto wa Shibeni chakula bila kibali cha daktari."

Pulkeria alisikia, akaendelea na kijiko chake. Alikuwa amefika kwa Nyamizi, aliyekuwa akikaa dawati moja na Sikujua, kitoto cha miguu myembamba kilicholala ubavu kwenye benchi, kimeshika tumbo, na usoni kinatabasamu.

"Linauma sana?"

"Sana," Nyamizi akasema kwa fahari. Kisha akawaza. "Nesi, ile pilau ilipikwa kwa sababu ya Sikujua?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu alikufa?"

"Kunywa maji, Nyamizi."

Mtoto akanywa kijiko, akameza, akajifuta kwa mkono. "Na mimi nikifa," akauliza, "watapika tena?"

Pulkeria alichovya kitambaa, akamfuta mdomo. Akakikamua, akakichovya tena, akamfuta tena mahali pale pale, palipokuwa tayari safi. Nyamizi alimwachia uso wake, akitulia, akisubiri aambiwe.